Wito wa Kumi na Mbili wa Mchungaji Taljaard

Katika miaka kumi na tisa, Mchungaji Gideon Taljaard wa Bonneval alipokea barua kumi na moja za wito kutoka sharika nyingine, na zote kumi na moja alizikataa. Nina hakika na hesabu hiyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa karani wa Baraza la Kanisa. Kila wito uliingia kwenye kumbukumbu pamoja na tarehe ya kupokelewa na tarehe ya kukataliwa. Kitabu cha mwaka cha Kanisa nacho kilichapisha idadi ya wito alioupata kila mchungaji nchini. Wachungaji wote walisema hawausomi ukurasa huo. Nakala ya Mchungaji Taljaard ilikuwa ikifunguka yenyewe hapo.

Jambo hilo lilikuwa na utaratibu wake. Usharika usio na mchungaji ulipiga kura, ukamwandikia uliyemchagua, naye akapewa wiki tatu za kusikiliza Bwana anasemaje. Jumapili ya kwanza alitangaza mimbarini kwamba yumo katika mapambano. Siku chache baadaye wazee wa kanisa walikwenda nyumbani kwake, makoti meusi na tai nyeupe, wakamsihi asiwaache, na wake zao wakapeleka keki. Jumapili ya tatu alisimama na kusema, kwa sauti ya mtu aliyetoka kuugua, kwamba Bwana amenena kupitia kilio cha kundi lake, na kwamba atabaki. Bafu la ndani lilijengwa baada ya wito wa nne. Veranda ya nyuma ilitokana na wa saba. Wito wa kumi ulitoka Pretoria, na ulileta gari aina ya Buick, kwa kuwa hata mashemasi walikubaliana kwamba Pretoria si mahali pa kufanyia mzaha.

Hakuna aliyeuita mchezo huo unafiki. Usharika ambao mchungaji wake haitwi popote ulikuwa kama baba mwenye binti asiyeposwa.

Nasi wa Bonneval tulijiona watu wa kuposwa. Tu wazao wa Waprotestanti waliokimbia Ufaransa na kushuka Rasi ya Tumaini Jema, Afrika Kusini, mwaka 1688, na hatumfichi mgeni habari hiyo. Familia tisa bondeni zina Biblia iliyovushwa mpakani ikiwa imefichwa ndani ya mkate. Nimezishika zote tisa. Sita zilichapwa Uholanzi baada ya 1740, na moja ni kubwa kiasi kwamba mkate wake ungehitaji tanuri la kuchomea matofali. Mashamba yetu ya mizabibu yana majina ya Kifaransa ambayo Mfaransa akiyasikia kwetu angeomba yarudiwe. Ng'ambo ya mto lilikuwako kanisa la vibarua wa mashamba, na rejesta yake ilikuwa na majina ya koo zilezile zetu: Taljaard, Vivier, Nortjé. Jambo hilo halikuwahi kuwekwa kwenye ajenda.

Wito wa kumi na mbili ulianza kwenye veranda ya Charl Vivier, mbunge wetu, mwanzoni mwa Oktoba 1947. Vivier alikuwa bungeni kwa miaka kumi na minne, na katika muda huo alikuwa amesimama kuzungumza mara tisa, sita kati ya hizo kuhusu kodi ya brandi. Tarehe kumi na tano Novemba tawi la Chama lilikuwa likutane kumchagua mgombea wa uchaguzi wa mwaka uliofuata. Alituita watu wawili: Hannes Nortjé, mzee wa kanisa wa kwanza kwa cheo, na mimi.

"Binamu yangu anataka kiti changu," alisema Vivier. Mama yake Mchungaji alikuwa Vivier.

"Nani kakwambia?" Nortjé aliuliza.

"Kaniambia yeye mwenyewe, mimbarini. Jumapili iliyopita kamtaja Musa mara kumi na nne. Mwalimu Gous, wewe unahesabu kila kitu, ni uongo?"

"Kumi na sita," nilisema.

"Umeona! Mchungaji akianza kumshika Musa hivyo, ujue anatafuta kura."

"Basi mshinde kwa kura."

"Nimshinde vipi, Hannes? Mimi ndiye niliyewabatizia watoto? Mimi niliwazikia mama zao? Mwanamke wa bonde hili akitaka kulia, anaenda kulilia kwake. Na wanawake wanapiga kura siku hizi, au hukusikia?"

Nortjé alisikia, na hakufurahi. Kisha Vivier akatueleza mpango. Shemeji yake alifuga kondoo Droëkuil, kaskazini kabisa, kwenye nyika kavu. Usharika wa huko ulikuwa mwaka wa nne bila mchungaji. Wachungaji kumi na saba walikuwa wameukataa.

"Wale watamwandikia yeyote mwenye suruali nyeusi," alisema Vivier. "Shemeji atawaambia wamwite Gideon."

"Naye atakataa," Nortjé alisema. "Kakataa Pretoria, aende kula vumbi?"

"Anakataa kwa sababu ninyi mnamlilia. Safari hii msimlilie."

Nortjé aliweka kikombe chini. Alikuwa na kinyongo cha miaka sita na Mchungaji, ambaye aliwahi kumtolea mfano mimbarini kama mtu anayelala ibadani, bila kumtaja jina ila kwa rangi ya gari lake. Gari la kijani lilikuwa moja tu bondeni.

"Mwalimu," Vivier alinigeukia, "sheria ya Kanisa inasemaje? Lazima kumwomba?"

Nilisema hakuna kifungu kinacholazimisha.

"Mmesikia. Tuko ndani ya sheria."

Barua ya Droëkuil ilifika Jumatatu, tarehe ishirini. Mchungaji aliisoma ofisini kwake mbele yangu, akaikunja, akasema, "Wa kumi na mbili, Mwalimu. Kama mitume." Jumapili akatangaza mapambano. Uso wa mapambano ulimkaa vizuri sana siku hiyo. Alikuwa mrefu, mweupe kichwani, na alijua kushika ukingo wa mimbari kana kwamba jengo zima linayumba. Mama Durand, mwenyekiti wa wanawake wa Chama na mtu aliyekuwa na kura nyingi mkobani kuliko mwanamume yeyote wilayani, alitoa leso.

Alhamisi tulikwenda nyumbani kwake, wazee sita na mimi. Mkewe, Hester, alitukaribisha kahawa. Kwetu mchungaji haambiwi "wewe", hata na wakubwa wake kwa umri.

"Mchungaji hajambo?" Nortjé alianza.

"Nimo vitani, ndugu zangu. Silali."

"Tunaona. Ndiyo maana tumekuja. Tumeomba, na Bwana ametupa amani."

Mchungaji aliinamisha kichwa akisubiri kilio. Nortjé alimpa ishara mzee aliyeshika kifurushi. Ndani mlikuwa na kofia pana ya majani na mfuko wa turubai wa kubebea maji safarini.

"Baraza linampongeza Mchungaji," Nortjé alisema. "Jua la kule ni kali. Hatutaki kuwa kikwazo."

Mchungaji aliinua kichwa. Aliitazama kofia.

"Ndugu Nortjé, mimi bado sijasikia sauti."

"Sisi tumeshaisikia. Mchungaji si ndiye aliyetufundisha kwamba Bwana hunena kupitia kundi? Miaka kumi na tisa tumefundishwa hivyo. Kundi limenena."

"Limenena nini?"

"Limesema safari njema."

Mzee mmoja alikohoa ili asicheke. Hester Taljaard alichukua ile kofia, akamvika mumewe, akarudi nyuma hatua moja kumtazama.

"Inakutosha," alisema.

Tulipotoka nilibaki nyuma kuchukua daftari langu, nikawasikia sebuleni.

"Hester, hili ni jambo la kucheka?"

"Umeitwa mara kumi na moja, Gideon, na mara zote kumi na moja Bwana alikuwa na maoni sawasawa na yako. Mimi nilikuwa naanza kuona ajabu."

"Ungekwenda Droëkuil, wewe?"

"Mimi nimekaa miaka kumi na tisa katika bonde lenye shangazi zangu wanane. Niulize tena."

Shida yake ilikuwa wazi, na alinieleza mwenyewe siku ya pili, shuleni kwangu, akiwa amekalia dawati la mtoto. Akikubali wito, ameondoka wilayani na ubunge umekwisha. Akikataa bila kuombwa, kila mtu atajua kwamba ameng'ang'ania mahali ambapo Baraza limeshamuaga, na watu wa Baraza ndio haohao wa tawi la Chama.

"Charl ndiye aliyefanya hivi," alisema.

"Siwezi kusema, Mchungaji."

"Umeshasema."

Njia ilimfungukia Jumamosi tarehe nane, mchana, kwa umbo la lori bovu. Lilisimama mbele ya nyumba yake, akashuka mzee mkavu, mfupi, mwenye koti lililokatwa kwa ajili ya mtu mwingine. Nyuma alikuwa na kondoo aliyechinjwa, amefungwa kwa magunia yaliyoloweshwa. Alijitambulisha kuwa Faan Senekal, mzee wa kanisa wa Droëkuil, siku mbili njiani.

"Tulimwita Mchungaji bila kumsikia," alisema, kofia mkononi. "Hilo halikuwa sawa. Baraza limenituma nije nimsikilize kesho. Nikirudi nikasema sivyo, tunaufuta wito, na Mchungaji hatasumbuka tena."

"Mnaufuta?" Mchungaji aliuliza.

"Kama hafai. Mchungaji atanisamehe."

Mchungaji alimsamehe papo hapo, akamwonyesha chumba cha wageni, na dakika kumi baadaye alikuwa kwangu akitembea kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwenye koti.

"Mwalimu, ile saa yako kesho iache mfukoni."

Kazi yangu nyingine ilikuwa kukaa kwenye benchi la wazee na, dakika ya arobaini ya mahubiri, kutoa saa yangu na kuitazama. Mchungaji alikuwa akiiona na kufunga. Makubaliano hayo yalikuwa ya zamani kuliko sisi wote wawili, na yalitokana na nyama iliyokuwa ikiiva ndani ya matanuri ya bonde zima.

"Mchungaji anakusudia nini?"

"Nakusudia kuhubiri Hesabu, sura ya saba. Yote."

Niliijua sura hiyo. Ina aya themanini na tisa. Wakuu kumi na wawili wa Israeli wanaleta sadaka siku kumi na mbili mfululizo, na sadaka zote ni zilezile: sahani ileile, bakuli lilelile, fahali yuleyule, na kila mara zinaorodheshwa upya.

"Yule mzee atakimbia," nilisema.

"Atakimbia, wito utafutwa, nami sitakuwa nimekataa wala kukubali. Bonde litanisamehe Jumapili moja mbaya. Nimewapa karibu elfu moja nzuri."

Nilifikiri hesabu yake ilikuwa sahihi. Kosa letu sote wawili lilikuwa kudhani kwamba kanisa ni kanisa popote.

Jumapili kanisa lilijaa. Vivier alikaa mbele katika suruali yake ya mistari ya bungeni. Faan Senekal aliketi katikati, peke yake kwenye benchi, mikono magotini. Mchungaji alipanda mimbarini saa nne na nusu na kusoma sura nzima bila kuruka neno. Kisha akaanza kuifafanua, mkuu mmoja baada ya mwingine.

Dakika ya arobaini hakuna aliyeona saa yangu, na macho mengi yalinigeukia. Nilitazama dari. Alikuwa kwa mkuu wa nne. Pipi za mnanaa, ambazo kwetu huhesabiwa tatu kwa ibada moja, zilikuwa zimekwisha katika kanisa zima. Saa nzima ilipotimia alikuwa kwa mkuu wa sita, akieleza tena uzito wa sahani, na kwa kuwa uzito haukuwa umebadilika tangu mkuu wa kwanza, alieleza kwamba haukuwa umebadilika. Nortjé alilala waziwazi na hakuna aliyemlaumu. Kwa mkuu wa nane harufu ya kitu kinachoungua iliingia kupitia madirisha ya upande wa kijiji. Kina mama walianza kutazamana, kila mmoja akitumaini ni ya jirani. Kwa mkuu wa tisa mke wa daktari alitoka. Kwa mkuu wa kumi walitoka kumi na wanne.

Mchungaji alimaliza baada ya saa mbili na dakika kumi. Alisema tangazo kuhusu wito litatolewa ibada ya jioni, akatubariki, akaenda kusimama mlangoni kama kawaida kuwapa watu mkono. Wengi walipita mlango wa pembeni. Mama Durand hakupita pembeni.

"Mchungaji," alisema, "nyumbani nina paja la mwana-kondoo, wali wa manjano na wageni tisa kutoka Chamani. Paja sasa ni mkaa. Wageni walikuja kuzungumza habari za Mchungaji na Jumamosi ijayo."

"Mama Durand, kwa kweli..."

"Miaka kumi na tisa kila ukija wito nimeomba Mchungaji abaki. Leo, kuanzia mkuu wa saba, nimeomba vingine."

Akashuka ngazi. Wanawake watano walimfuata bila kutoa mkono, nami nikaona ubunge wa Gideon Taljaard ukishuka nao hadi barabarani. Jumamosi ile Vivier alipita bila kupingwa, na katika hotuba yake ya shukrani alizungumzia kodi ya brandi.

Lakini Jumapili hiyo ilikuwa bado haijaisha. Tuliingia chumba cha nyuma cha kanisa: Mchungaji, mkewe, Nortjé, Vivier aliyejialika mwenyewe, na mimi na daftari langu. Mchungaji alikuwa amechoka, lakini usoni alikuwa na utulivu wa mtu ambaye angalau nusu ya mpango wake imefaulu. Faan Senekal aligonga mlango ulio wazi.

"Karibu, Mzee Senekal," Mchungaji alisema. "Sema tu. Sitaudhika."

Mzee alijifuta macho kwa kofia.

"Mchungaji hakuruka hata mmoja," alisema.

"Samahani?"

"Wale wakuu. Alipofika kwa wa tano nikajua hatamruka hata mmoja. Kwetu watu wanatoka shambani Ijumaa ili wafike kanisani Jumapili. Wanalala njiani na watoto. Wale wachungaji tuliowasikiliza wanahubiri kama mtu anayewahi treni. Dakika arobaini, amina, rudini makwenu. Hata punda wanakuwa hawajapumzika! Mama yangu alikufa akisema, Faan, kabla sijafa nataka kusikia mahubiri yenye mwisho wa mbali."

Vivier alikuwa akichungulia dirishani kwa bidii, mabega yakimtikisika.

"Hamkuchoka?" Mchungaji aliuliza kwa sauti ndogo.

"Tuchoke na nini? Nilitaka kuuliza, kama Mchungaji haoni vibaya, kwa nini wale wawili wa mwisho aliwafupisha."

"Niliwafupisha?"

"Kidogo. Lakini kule atakuwa na nafasi."

Mchungaji alimgeukia Nortjé. Sijui alitafuta nini kwa Nortjé, ambaye alikuwa ameamka dakika kumi tu zilizopita na bado alikuwa na alama ya benchi shavuni. Kisha akamtazama binamu yake.

"Charl, wewe huna neno?"

"Mimi ni mwanasiasa tu, binamu," alisema Vivier. "Mambo ya wito siyaelewi."

Mchungaji alikaa. Alitazama mikono yake, na kwa mara ya kwanza katika wiki tatu alionekana kweli kama mtu anayepambana. Ilichukua muda. Nilikuwa karibu kuitoa saa.

"Mlikataliwa na watu kumi na saba," alimwambia Senekal.

"Kumi na saba. Wa mwisho hakujibu hata barua."

"Nami mngeniandikia tena, nikikataa?"

"Kila baada ya miezi mitatu," mzee alisema. "Sasa tumeshamsikia. Tuna kazi gani nyingine?"

"Nyumba ikoje?" aliuliza Hester Taljaard. Alikuwa amevua glavu zake na kuketi karibu na Senekal.

"Ina kuta nzuri, Mama. Paa tutaliweka."

"Shangazi wangapi?"

"Shangazi wa nani?"

"Basi," alisema, na akamtazama mumewe.

Gideon Taljaard alipitisha kiganja usoni. Aliponitazama nilijua nifungue daftari, nikalifungua.

"Andika kwamba nimekubali," alisema. Halafu, kwa kuwa alikuwa mkulima kabla ya kuwa mchungaji, na mjukuu wa wakulima tangu ile meli ya kwanza, aliuliza swali ambalo angepaswa kuuliza wiki tatu mapema. "Mzee Senekal, mvua ya kwenu hunyesha mwezi gani?"

Faan Senekal alifikiri kwa uaminifu, kama mtu aliyeulizwa kanisani.

"Mwezi sikumbuki, Mchungaji," alisema. "Mwaka naweza kumtajia."